Mlango Uliofungwa kwa Waya

Mbula alikuwa amejiandaa kwa kila swali ambalo mama wa Kikuyu angeweza kumwuliza msichana wa Kikamba anayetaka kuolewa na mwanawe. Umri wake alikuwa tayari kuutaja, ingawa miaka ishirini na tisa si michache. Kama angeulizwa kwa nini hajaolewa mpaka sasa, jibu alikuwa nalo. Hata irio, chakula cha Kikuyu cha viazi na mahindi, alikuwa amejifunza kuponda, akaungua vidole viwili. Jambo moja tu hakulijua, nalo lilimfikia chai ikiwa bado moto kikombeni.

Ilikuwa Jumatano ya Agosti, mwaka wa 2003. Sebule ya Mama Wakiuru pale Kithimani ilikuwa imepangwa kwa heshima ya mgeni, makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, mkate umepakwa siagi na kufunikwa. Mama Wakiuru alikuwa mjane wa miaka sitini hivi. Marehemu mumewe alimwachia duka la saruji, mbao na mabati kando ya barabara, naye alikuwa amezoea kuupima ubao kwa macho tu. Siku hiyo alikuwa akimpima Mbula.

Njogu aliketi upande wa pili wa meza, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kila Mbula alipoinua macho aliyakuta ya Njogu yakimngoja. Macho hayo ndiyo yaliyomponza tangu mwanzo. Mwaka mmoja na nusu uliopita Njogu alileta mabati ya ukumbi wa kanisa kule Kalama. Alipaswa kushusha mzigo na kurudi Kithimani. Akabaki mpaka saa kumi jioni akimshikia Mbula ngazi, na wiki iliyofuata akarudi na misumari ambayo hakuna mtu aliyeiagiza.

"Njogu ananiambia uko na kazi Kalama," Mama Wakiuru alisema. "Kazi gani hasa?"

"Tuko na kikundi, mama. Kinaitwa Twone Mbee. Tunatembelea nyumba ziko na watu walemavu. Watoto hawatembei, wazee wamepooza. Tunasaidia familia zao vile tunaweza."

"Na wazungu ndio wanawatuma."

"Hawatutumi, mama. Ni marafiki kutoka mji mdogo huko Uholanzi. Wanaoka keki, wanauzia watu kanisani, halafu wanatuletea viti vya magurudumu. Saa hii wako Kalama. Kuna mzee anaitwa Henk, seremala, yeye ndiye anapima watu viti. Wanarudi kwao Jumamosi."

Mama Wakiuru alikizungusha kikombe chake mezani. "Kwa hivyo kazi yako ni kubeba viwete."

"Maitu," Njogu alimwita mama yake kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, naongea na mgeni. Msichana, ukishika mimba utafanya nini? Utawashika tu hao watu na mjukuu wangu yuko tumboni?"

Mbula alishusha pumzi. Swali hilo alikuwa amelisikia kwa watu wengi. "Mama, ulemavu si homa. Hauambukizwi."

Kabla mama hajajibu, sauti ilisikika kutoka nyuma ya nyumba. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena.

"Ni ndama," Mama Wakiuru alisema upesi. "Anataka maziwa."

Lakini Mbula alikuwa amezunguka vijiji vya Kalama miaka sita. Sauti hiyo alikuwa ameisikia katika nyumba nyingi mno, na haikuwa ya ndama. Alimtazama Njogu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Njogu hakuyainua macho yake. Aliyazamisha kikombeni kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia humo.

"Naomba kwenda msalani, mama," Mbula alisema, akatoka kabla hajaonyeshwa njia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ghala la mahindi, na ubavuni mwa ghala palikuwa na chumba kidogo cha mbao. Mlango wake ulifungwa kwa nje, si kwa kufuli, bali kwa waya uliosokotwa kwenye msumari. Mbula aliusokotoa waya ule, akaingia.

Juu ya godoro alilala msichana. Miguu yake ilikuwa imekakamaa na kupishana, mkono mmoja umekunjwa kifuani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi. Lakini kilichomshangaza Mbula ni usafi. Shuka ilinukia sabuni, na nywele za msichana zilikuwa zimesukwa mistari iliyonyooka, mipya ya jana au juzi. Uso wake ulikuwa na uso wa Njogu ndani yake, paji lile lile na mdomo ule ule.

"Habari yako," Mbula alimwambia, akapiga magoti. "Mimi ni Mbula. Wewe ni nani?"

Msichana aliugeuza uso kwa taabu. Alipomwona, alicheka, kicheko cha mwili mzima, na mkono wake uliokunjwa ukajinyoosha taratibu ukashika ncha ya leso aliyojifunga Mbula kiunoni. Hakuiachilia.

"Anaitwa Wamucii."

Mama Wakiuru alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake alikuwepo Njogu. Mbula aliyajua maneno machache ya Kikikuyu, na hilo lilikuwa mojawapo. Maana yake ni mtu wa nyumbani.

"Nani amekutuma kufungua mlango wangu?" mama aliuliza. "Umekuja kuolewa ama umekuja kupeleleza?"

"Nimemsikia akiita, mama."

"Haitwi na mtu, haiti mtu! Anatoa sauti tu." Lakini sauti ya mama mwenyewe ilikuwa imeanza kupasuka. "Unajua nini wewe? Alipozaliwa, watu wa baba yake walisema nimeleta laana. Dada yake Njogu alikuja kuposwa, wageni wakamwona huyu, wakaondoka na chakula kiko mezani. Baada ya hapo nikasema basi, haonekani tena. Miaka kumi na tisa nimemwosha na hii mikono. Nimemlisha kijiko kwa kijiko. Wewe unakuja siku moja na leso mpya kunihukumu."

"Sikuhukumu," Mbula alisema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Mama, nimeingia nyumba nyingi. Nimeona watoto wamelala hivi mwaka mmoja tu na mgongo wote ni vidonda. Huyu hana hata kimoja. Kumi na tisa, na hana kidonda hata kimoja! Sijaona mtu ametunzwa hivi. Lakini hajaona jua."

Kwa muda mfupi uso wa Mama Wakiuru ulilegea, kama mtu aliyeitwa kwa jina mahali asipotarajia. Kisha ukajifunga tena.

"Toka," alisema. "Na hayo mambo ya ndoa yaishie hapa hapa."

Mbula aliviachanisha vidole vya Wamucii kimoja kimoja. Akaifungua leso kiunoni, akamfunika nayo miguu, akatoka.

Njogu alimfuata mbio mpaka kwenye mfereji wa Yatta, pale maji yanapopita taratibu katikati ya mashamba ya vitunguu. Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo waliinua vichwa, wakaviinamisha tena, lakini masikio hawakuyaondoa.

"Mbula, simama! Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Njogu aliwatupia jicho wale wanawake.

"Lini, Njogu?"

"Baada ya harusi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angedanganya. "Umekaa na mimi mwaka na nusu," alisema. "Umenishikia ngazi. Umebeba mtoto wa watu mgongoni kutoka kule mlimani mpaka kwa ukumbi, nikakuangalia, nikasema moyoni mwangu, Mungu, huyu ndiye. Kumbe ulimwacha dada yako amefungiwa na waya."

"Unafikiri sikuona?" Njogu alisema, na machozi yakamlenga. "Kila mara nikirudi kutoka Kalama nilikuwa naenda kwa hicho chumba, nakaa na yeye. Nilikuwa naogopa mama. Na nilikuogopa wewe. Nilijua siku utajua, utaniangalia vile unaniangalia sasa."

Mbula aligeukia maji. Alitaka kumpiga, na alitaka kukiweka kichwa chake kwenye lile shati jeupe, vyote viwili kwa wakati mmoja. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Unamjua Onesmus, kaka yangu."

"Namjua. Fundi wa viatu."

"Nikiwa na miaka kumi na moja, mwalimu wangu alikuja nyumbani kusalimia. Onesmus alikuwa anatambaa hapo nje, magoti yamejaa vumbi. Nilimsukuma nyuma ya jiko nikamfunika na gunia. Nikamwambia asikohoe. Na hakukohoa, Njogu. Saa nzima. Mwalimu alipoenda nikatoa gunia, nikamkuta ananiangalia tu. Hajawahi kunilaumu. Ndio maana nafanya hii kazi. Si kwa sababu mimi ni mzuri kukushinda."

Njogu aliunyoosha mkono wake. Mbula alirudi nyuma hatua moja.

"Sikiza. Ijumaa saa nane mchana mzee Henk anafunga masanduku yake. Kiti hakipimwi kwa maneno, lazima mtu mwenyewe awepo. Mlete Wamucii, mchana, watu wakiona. Usipomleta nitakusamehe, kwa sababu mimi pia nilisamehewa. Lakini sitaolewa na wewe. Siwezi kuitwa bibi arusi kwa nyumba iko na mtu amefungiwa nyuma."

"Na mama akikataa?"

"Wewe ni mtu mzima, Njogu. Una miaka thelathini na tatu."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akigeuka atarudi.

Alhamisi ilipita bila habari. Ijumaa asubuhi ukumbi wa Kalama ulijaa tangu saa mbili. Kina mama walikuwa wameteremka na watoto mgongoni, wengine wakubwa kiasi kwamba miguu yao iliburuta chini. Mzee Henk, mrefu na mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, alipima mapaja na migongo, akaandika kwa penseli kwenye mbao, akapiga msasa, akabandika sponji. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama kumi, na yote aliyatumia kila siku. Onesmus aliketi sakafuni kando yake, akishona mikanda ya ngozi kwa sindano nene. Wawili hao hawakuelewana lugha, lakini walipokezana vifaa bila kuombana.

"Umeangalia barabara mara tisa," Onesmus alimwambia dada yake. "Nimehesabu."

"Naangalia kama mvua itanyesha."

"Agosti? Hapa Kalama?"

Mbula alikaribia kucheka, akashindwa.

Saa sita, kati ya viti vya watu wazima, kilibaki kimoja. Mzee Henk alikigusa, akamtazama Mbula. Alikuwa ameelezwa kuhusu msichana wa Kithimani. "Huyu... ngoja?" aliuliza.

Wakati huo huo aliingia mwanamke aitwaye Wanza, kutoka upande wa juu wa Kalama, na mwanawe wa kiume wa miaka ishirini. Alikuwa amemsafirisha kwa mkokoteni wa punda tangu alfajiri. Wanza hakuomba chochote. Alisimama tu kando ya ukuta, viatu mkononi, akikitazama kile kiti.

Mbula naye alikitazama. Aliiona miguu ya Wamucii chini ya leso yake. Aliuona uso wa Njogu. Akajiuliza kama kiti hiki anakiwekea Wamucii, au anakiwekea matumaini yake mwenyewe. Aliye mbele yake alikuwa amefika. Aliyekuwa akingojwa hakuwa amefika.

"Mpime huyu," alimwambia mzee Henk, akielekeza kwa mkono. "Huyu, leo."

"Ni muvea muno," Wanza alisema kwa Kikamba, ahsante sana, akafunika uso kwa viatu vyake. Mbula akaingia nyuma ya mapazia, mahali zinapowekwa benchi za kanisa, akasimama huko kwa muda, kisha akajifuta uso na kurudi kazini.

Saa nane kasorobo, pikapu ya duka la Kithimani ilisimama mbele ya ukumbi.

Njogu alishuka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango. Ndani, aliyevaa gauni lake la kanisani na kofia ya kufuma, alikuwa Mama Wakiuru, amempakata Wamucii kifuani kama mtoto mchanga, kichwa kimelala kwenye mkono wake. Njogu alimpokea dada yake. Alimbeba mikononi, juu, mbele ya watu wote, akaingia naye kwa mlango mkubwa. Shati lake siku hiyo halikuwa jeupe. Lilikuwa na vumbi na mate, naye hakujali.

"Jana asubuhi nilifungua mlango," alimwambia Mbula, akihema. "Nikamweka mbele ya duka, kwa godoro lake, kwa jua. Mama hakuniongelesha siku nzima. Watu walikuja, wakasimama, wakauliza, nikajibu. Hakuna mtu alikataa saruji yetu. Halafu leo nikaenda kuwasha gari, nikamkuta mama ameshakaa ndani, amevaa. Ananiambia, nani atamshika shingo njiani, wewe?"

Mbula alitaka kusema mengi. Akasema lililokuwa la kweli. "Njogu, viti vimeisha. Kile cha mwisho nimempa mtu mwingine. Sikujua kama utakuja."

Mama Wakiuru alikuwa amesikia. Mbula alingoja aseme, mmeona, nimeaibishwa bure. Njogu alimtazama mama yake, akamtazama Mbula, akatazama chini.

"Hata mimi ningempa aliyefika," alisema. Kisha akainua kichwa. "Onesmus, ukiwa na mbao na magurudumu, unaweza kutengeneza?"

"Nikiwa na mtu wa kunipimia," Onesmus alisema, akimwonyesha mzee Henk kwa sindano yake.

"Mbao iko kwa pikapu. Ni mzigo wa mteja, nitampelekea nyingine. Magurudumu nitatoa kwa baiskeli yangu, niko nayo hapo nyuma."

Mzee Henk alikuwa ameshafunga masanduku mawili. Aliutazama ubao Njogu aliouingiza, akaugonga kwa kidole, akavua saa yake mkononi akaiweka dirishani, kisha akafungua sanduku la kwanza tena.

Walimlaza Wamucii kwenye mkeka, wakampima. Umati ulisogea. Kikongwe mmoja wa Kalama, aliyekuwa akimshika mkono mjukuu wake kipofu, aliinama akamwuliza Mama Wakiuru kwa upole, "Huyu ni wako nani?"

Mbula alikuwa amepiga magoti akishika futi ya kupimia. Alihisi mwili wa Njogu ukikakamaa kando yake.

Mama Wakiuru alinyoosha gauni lake. "Ni msichana wangu," alisema. "Kitinda mimba wangu. Anaitwa Wamucii." Kisha, kama aliyeona kwamba hajasikika vya kutosha, akarudia kwa sauti ya duka. "Ni wangu!"

"Mungu ambariki," kikongwe alisema. "Amesukwa vizuri sana."

Kazi iliendelea alasiri yote. Njogu alipiga randa, Onesmus akashona, mzee Henk akakata na kulaani kwa Kiholanzi pale msumeno ulipokwama. Mbula alishika mbao ncha moja na Njogu ncha nyingine. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa Njogu kwenye nyusi, na Mbula, bila kufikiri, aliinua kidole akampangusa. Wote wawili wakasimama hivyo.

"Jana nilikaa naye huko nje mchana mzima," Njogu alisema polepole. "Nilikuwa nawaza, hata Mbula asiponikubali, huyu harudi kwa kile chumba. Nataka ujue hivyo. Sikumleta kukununua."

Ndipo moyo wa Mbula ulipofunguka wote. Kama angesema amemleta kwa ajili yake, angemshukuru tu. Sasa alimpenda kuliko siku ya ngazi.

"Baba yangu ni mzee Ndambuki," alisema. "Ni mkali. Hataki kusikia habari ya Mkikuyu. Atakuuliza maswali mpaka utoke jasho. Njoo Jumapili ya wiki ijayo."

"Nikuje na nani?"

"Mje watatu. Na mpite mlango wa mbele."

Njogu akarudi kwenye randa, akaupiga ubao ule kwa nguvu mpaka mzee Henk akapiga kelele, "Hapana! Pole pole!" Watu wakacheka.

Saa kumi na moja jioni kiti kilisimama. Hakikuwa kizuri. Gurudumu moja lilikuwa jekundu na jingine jeusi. Lakini walipomkalisha Wamucii na kumfunga mikanda ya Onesmus, mgongo wake ulinyooka, kichwa kikakaa, na kwa mara ya kwanza maishani aliwatazama watu akiwa ameketi kama wao. Aliyazungusha macho polepole ukumbi mzima. Halafu akapiga ile sauti yake ndefu, na watoto waliokuwa kwenye viti vingine wakamjibu.

Mmoja wa kina mama alileta uji. Mbula alichukua kikombe na kijiko, akainama mbele ya Wamucii kama alivyofanya kwa wengi. Mkono wa Mama Wakiuru ulimkamata kifundo cha mkono.

"Siyo hivyo. Atapaliwa."

Mbula alimpisha, akadhani amefukuzwa kwa mara ya pili. Lakini mama hakukichukua kijiko. Aliketi kwenye benchi, akagonga mahali palipokuwa wazi ubavuni mwake.

"Kaa hapa, mwari wakwa," alisema, na Mbula akalijua hilo neno pia, binti yangu. "Kwanza unashika kidevu na hivi vidole viwili. Unangoja ameze. Husemi naye akiwa anameza, anapenda kucheka. Angalia vizuri, kwa sababu mimi siku moja sitakuwa, na hii nyumba lazima iwe na mtu anajua."

Mbula aliketi. Aliweka vidole viwili chini ya kidevu cha Wamucii, mahali pale pale vidole vya mama vilipokuwa, akainua kijiko, akangoja.